Saksafoni ya Upande wa Pili

Yule msichana wa Nairobi alifika kwetu Jumanne, na swali lake la kwanza, hata kabla sijampa kiti, lilikuwa kama Baba anasikia.

"Anasikia vizuri," nikamwambia. "Kuongea ndiyo shida."

Baba alikuwa ameketi pale mlangoni kwenye kiti chake cha mbao, blanketi magotini, mkono wa kulia umelala juu yake kama kitu cha mtu mwingine alichoachiwa akishike. Kiharusi kilimpata mwaka juzi, wakati tunavuna ndengu. Kilichukua mkono huo, mguu kidogo, na maneno yote. Sitasema kilichukua akili, kwa sababu sijui. Daktari wa kwanza alisema akili iko, wa pili akasema iko nusu. Mimi ninayemwogesha kila asubuhi siwezi kusema ni yupi kati yao alikosea.

Msichana alikuwa anafanya kazi na kampuni ndogo inayotoa upya santuri za zamani, na santuri aliyoifuata kwetu ni ya muziki wa filamu. Kabla sijazaliwa, wageni walikuja kupiga filamu kwenye vilima vya huku, na muziki wake ukapigwa na bendi ya jazi ya Machakos mjini, vijana sita waliokuwa wakipiga hotelini. Filamu yenyewe haikufika mbali. Sijaiona, na sijakutana na mtu aliyeiona yote. Lakini muziki ulitolewa kama santuri, na santuri ikadumu. Redio iliicheza miaka mingi, halafu ikasahaulika, halafu, kwa maneno ya msichana, watu wa ng'ambo wakaanza kuitafuta kama wanaotafuta madini. Sasa inatolewa tena, na ndani kutakuwa na kijitabu kinachoeleza, wimbo kwa wimbo, nani alipiga nini.

"Shida yangu ni saksafoni," akasema. "Upande wa pili."

Jalada la zamani linataja mpiga saksafoni mmoja, naye ni mtu wa Matuu, sasa ni marehemu. Baba hatajwi. Lakini mpiga ngoma wa bendi ile, siku chache kabla hajafa, alimwambia msichana kwamba upande wa pili haukupigwa na yule wa Matuu. Ulipigwa na kijana aliyekuwa akibeba vyombo vya bendi. Jina lake lilikuwa limemtoka. Alichokumbuka ni kwamba alikuwa kijana wa milima ya huku juu ya mji, na alikuwa na mwanya.

Watu aliowauliza huku ndio waliomwelekeza kwetu. Msichana akamtazama Baba mdomoni. Baba ana mwanya.

Ilibidi nimwambie kwamba huku Ukambani mwanya si ushahidi. Akitaka kuwahesabu wenye mwanya aende soko la Tala siku ya gulio, atachoka. Akacheka, lakini nikaona nimemvunja moyo.

"Mama, niko na wiki tatu," akasema. "Baada ya hapo kijitabu kinaenda kuchapwa, na kitakachoandikwa ndicho kitabaki hivyo."

Nikamwambia ninachojua, na ni kidogo.

Siku ya kurekodi sisi watoto tuliijua kama tulivyojua njia ya kwenda mtoni. Baba aliisimulia kila mara kwa namna moja. Walirekodi kwenye ukumbi wa jamii. Madirisha yalizibwa kwa magodoro ya hoteli ili mbuzi wa jirani wasisikike. Ukutani kulipigiliwa shuka jeupe, na mashine ikatupa picha za filamu juu ya shuka, bila sauti. Hakuna aliyejua noti, na mwenye filamu hakutaka noti. Alisema neno moja tu: pigeni mnachokiona. Basi wakawa wanatazama na kupiga, wanatazama na kupiga, siku tatu. Siku ya mwisho ilikuwa ya upande wa pili. Kwenye shuka kulikuwa na mwanamke anayeshuka mlima peke yake akimtafuta mume ambaye hajarudi.

"Ukitazama uso wake utapiga uongo," Baba alikuwa akituambia. "Uso ni wa mchezo wa filamu. Tazama miguu. Miguu imechoka kweli."

Basi saksafoni ilikuwa inaifuata miguu, na katikati ya huo mteremko mkanda wa filamu ukakatika. Shuka likawa jeupe tupu. Gitaa likanyamaza, tarumbeta ikanyamaza, ngoma ikafifia. Saksafoni peke yake haikunyamaza kwa sababu hakuna aliyeiambia inyamaze. Iliendelea kumshusha yule mwanamke mlimani bila kumwona, mpaka pumzi ikaisha, na fundi wa mitambo hakuizima mashine yake. Huo ndio wimbo wa mwisho wa upande wa pili. Mtu akikuambia anaipenda santuri hiyo, ujue anasema juu ya dakika hizo za shuka tupu.

Lakini Baba hakutuambia nani alikuwa ameishika saksafoni. Sisi wenyewe tulijijazia.

Kuna siku moja tu. Nilikuwa darasa la tano. Mama alikuwa anachambua muthokoi, yale mahindi ya kukoboa, kwenye ungo, redio ikaucheza wimbo ule, na mtangazaji akalisoma jina la yule wa Matuu. Baba akasema, bila kumwambia mtu, "Huyo ni mimi." Mama akamjibu, "Nyamaza, watoto wanasikia." Baba akainuka akatoka nje. Imeisha hapo. Mama alishakufa, na mimi nimekaa na maneno hayo matatu zaidi ya miaka arobaini, nayo hayajaongezeka. Wakati mwingine nafikiri niliyaota.

Msichana akatoa kispika kidogo akakiweka kwenye dirisha karibu na Baba, akaucheza wimbo. Vidole vya mkono wa kushoto wa Baba vikaanza kutembea juu ya blanketi.

"Umeona?" msichana akanong'ona.

Niliona. Lakini vidole hivyo hutembea pia redio ikitangaza rangi ya mabati. Sikulisema hilo bado. Akawasha simu irekodi, akapiga magoti mbele ya kiti.

"Mzee, ni wewe ulipiga hapa?"

Baba akatikisa kichwa, ndiyo. Msichana akafunika mdomo kwa kiganja, macho yamejaa maji. "Nimempata," akasema. "Mama, nimempata."

Hapo ningekaa kimya. Nimejiambia hivyo mara nyingi tangu siku ile: hapo ungekaa kimya tu, ni nani angekuuliza?

"Ngoja," nikasema. Nikasogea. "Mzee, ni wewe ulipiga gitaa?"

Akatikisa, ndiyo.

"Ni wewe ulishika kamera?"

Ndiyo.

"Mzee, mimi ni mama yako?"

Akatikisa ndiyo, kwa heshima, kama anavyomwitikia kila mtu tangu augue. Msichana akaizima simu. Baba akanitazama muda mrefu. Sitajaribu kueleza alikuwa ananitazama vipi, maana labda alitaka maji tu. Nilimpa maji, akanywa.

Ndugu yangu anakaa Syokimau. Nilipomweleza kwa simu, alipiga kelele mpaka nikaiweka mbali na sikio.

"Ati ukamuuliza kama wewe ni mama yake?"

"Ilibidi msichana ajue anavyojibu."

"Ilibidi na nani? Wewe ungekuwa pale kaburini siku ya Pasaka ungesema hukuona vizuri, kulikuwa na ukungu!"

Nikacheka, na kicheko kikamkasirisha zaidi. "Cheka. Mzee alichekwa Tala na walevi, 'Mzee wa saksafoni, hebu tupigie na mdomo,' mpaka akaacha kuisimulia siku ile ya kurekodi. Sasa Mungu analeta mtu mpaka mlangoni, na wewe ndiwe unamfukuza. Atakufa bila jina, na utakuwa ni wewe."

Nisimwonee ndugu yangu. Ndiye anayenunua dawa, na kila mwisho wa mwezi huja kumnyoa Baba ndevu, mimi naogopa wembe. Na aliyoyasema hayakuwa uongo. Baba alilitaka jina lile. Mtu asiyelitaka haiambii redio "huyo ni mimi."

Ndipo nikaamua kwenda Matuu kwa mjane wa yule mpiga saksafoni. Nilibeba sukari na majani chai. Njiani nilijiambia naenda kuuliza tu, sijaenda kunyang'anya mtu kitu.

Boma lake halina shida kulipata. Kaburi la mume liko karibu na lango, na kwenye simenti fundi amechora saksafoni, ingawa inafanana kidogo na kiko cha kuvutia tumbaku. Mjane alikuwa ameketi kibarazani akimenya mbaazi. Ni mwembamba, ana miaka themanini na zaidi, anasikia kuliko mimi. Nilipomwamkia na kumwambia natoka wapi, alinitazama mdomoni.

"Wewe ni wa yule," akasema. "Una meno yake."

"Ndiyo, mwaitu." Huku kwetu mwanamke wa rika hilo unamwita mwaitu, mama, hata kama ndiyo mara ya kwanza kumwona.

"Nasikia amegonjeka. Hasemi kitu?"

"Hasemi."

"Hata wangu hasemi," akasema, akaonyesha kaburi kwa kidevu. "Na alikuwa mtu wa maneno! Kaa chini. Menya."

Nikakaa nikamenya. Kupitia mlango uliofunguliwa nililiona jalada la santuri limetiwa fremu, limetundikwa kando ya picha ya mume wake. Nikamweleza yote: msichana, kijitabu, mpiga ngoma, Baba na redio. Nilimweleza pia kuhusu kutikisa kichwa, kwa sababu nisingesema hilo ningekuwa nimekuja na nusu. Hakunikatiza. Bakuli lilipojaa alilimwaga kwenye karai, akalirudisha.

"Nilikuwa nikijua mtu wa kwenu atakuja siku moja," akasema. "Nilifikiri atakuwa mwanaume, na atakuja na kelele."

"Mimi sina kelele, mwaitu."

"Naona. Basi sikiliza, uache kuhangaika. Mzee wangu hakuwa huko. Siku ya upande wa pili alikuwa hapa na mimi. Tulikuwa tunazika."

Akanieleza. Ilikuwa mtoto wao wa kwanza, na alikuwa ameishi siku mbili. Habari ilimfikia mumewe mjini baada ya siku ya pili ya kurekodi, na akaja. Lakini wale wa filamu walikuwa wakali. Walikuwa na karatasi ya majina, na kila asubuhi mtu alisimama mlangoni mwa ukumbi kuyasoma. Jina lisiloitikiwa linakatwa, na likikatwa, kazi yote ya mtu huyo inatupwa na anatafutwa mwingine. Basi mumewe kabla ya kuondoka alimwambia kiongozi wa bendi, nishikieni mahali. Asubuhi jina likasomwa. Kiongozi akamtazama kijana wa kubeba vyombo, aliyekuwa akiipulizapuliza ile saksafoni kila walipopumzika.

"Baba yako akasema, 'Niko,'" mjane akasema. "Akaingia na jina la mzee wangu, akapiga na jina la mzee wangu, akatoka nalo."

Mtu ambaye hakukulia Ukambani atasema huo ni udanganyifu. Hata msichana angesema hivyo. Lakini wote waliokuwa ukumbini walikuwa wamekulia kwenye mwethya, kazi ile ya kijiji ya kuchimba pamoja, leo shamba la huyu, kesho bwawa la wote. Kwenye mwethya kuna daftari, na majina husomwa asubuhi. Mtu akifiwa au akiugua, mwenzake huitika kwa jina lake na kumchimbia sehemu yake. Jioni kazi inaandikwa kwa jina lililoitikiwa. Mkono uliochimba hauandikwi popote, na hakuna anayeona ajabu. Wale vijana wa bendi hawakukaa chini kupanga uongo. Walifanya kile ambacho mama zao walifanya kila Jumatano. Hawakujua tu kwamba daftari la safari hii lingezunguka dunia.

"Na wangu aliirudisha hiyo siku," mjane akaendelea. "Unayajua matuta matatu ya juu kwenye shamba lenu?"

Nayajua. Ni matuta ya kuzuia maji ya mvua, ndiyo yanayoshika mahindi yetu yote. Nimekua nikijua yalichimbwa na Baba.

"Mzee wangu aliyachimba. Wiki mbili, na sururu yake mwenyewe. Baba yako akamwambia imekwisha, hakuna anayemdai mwenzake. Waliishi hivyo mpaka huyu wangu akaenda."

"Lakini siku ile ya redio, Baba alisema..."

"Kusema nyumbani kwake si kosa," akanikata. "Hata mimi ningesema."

Nilikuwa nimeketi pale na kile nilichokifuata, chote, bila kuombaomba. Sikuota. Ni Baba. Nikaacha kumenya.

"Mwaitu, unaweza kumwambia yule msichana hivi ulivyoniambia?"

"Akiniuliza nitasema. Na miaka hii yangu nitamdanganya nani? Hata wewe ukiulizwa usidanganye."

Alikuwa bado hajamaliza, nikangoja. Aligeuka akalitazama jalada ukutani.

"Yule mtoto hakupata jina," akasema. "Siku zile mtoto alikuwa anangojewa siku zake ndiyo apewe, na yeye hakufika. Mzee wangu alipiga hesabu akaona saa ile saksafoni ilibaki peke yake ndiyo saa sisi tulikuwa tunarudishia udongo. Alikuwa akisema ule ni wimbo wa mtoto wetu. Redio ikiucheza, aliacha anachofanya akasimama mpaka uishe. Watu wa Matuu walifikiri ni maringo. Kaburi sina la kukuonyesha, shamba lile liligawanywa, sasa pale kuna nyumba ya mtu na choo. Kitu nimebaki nacho cha siku hiyo ni hilo jina, hapo." Akalionyesha kwa ganda la mbaazi.

Nikachukua mbaazi nyingine, nikamenya.

"Lakini baba yako ni baba yako," akasema. "Fanya unavyoona. Mimi sitakuwekea kinyongo."

Angelia, au angenifukuza, ningerudi nyumbani nikijua la kufanya. Badala yake alinifungia mbaazi kwenye mfuko, akanisindikiza mpaka langoni, na pale akanishika kiwiko.

"Na umwambie huyo msichana wako, upande wa kwanza ni wa mzee wangu mwenyewe, na aliupiga vizuri kushinda huo wa pili. Baba yako alikuwa na haraka. Usikilize vizuri, utaona anakimbia."

Nikiwa nyumbani niliusikiliza. Anakimbia kidogo, kweli.

Siku zilizofuata nilimtafuta Baba ndani ya Baba. Sijui kulisema vizuri zaidi. Kumuuliza swali haikuwa na maana, basi nikakata karatasi mbili. Moja nikaiandika jina lake kwa herufi kubwa, nyingine jina la yule wa Matuu. Nikaziweka kwenye trei mbele yake, nikamweleza yote polepole, nikamwomba aguse jina ambalo angependa liandikwe. Akagusa lake. Nikashangilia peke yangu kama mwendawazimu. Kisha nikazibadilisha mahali, lake kulia, la mwenzake kushoto. Akagusa la mwenzake. Nikazibadilisha tena. Kila mara aligusa ile iliyokuwa karibu na mkono wake mzima. Mara ya nne hakugusa karatasi. Aliuweka mkono wake juu ya wangu na kuuacha hapo. Nikaziondoa.

Msichana akapiga simu Ijumaa, nikiwa kwenye cherehani nashona sare za shule.

"Mama, kijitabu kinaondoka kesho. Uliongea na wa Matuu?"

"Niliongea naye."

"Na?"

"Niko na jibu. Lakini si langu."

"Kuna shahidi?"

"Yuko."

"Atakubali nimnukuu?"

"Ukimuuliza atakubali. Ndiyo maana nakuomba usimuulize."

Ni msichana mzuri, sitaki mtu amfikirie vibaya. Alikuwa ameitafuta saksafoni hiyo miezi mingi kwa miguu yake, naye alikuwa anataka haki ya Baba kuliko mimi, au pengine alikuwa na ujasiri wa kuitaka.

"Naweza kuandika kwamba mpiga saksafoni wa upande wa pili hajulikani," akasema. "Hapo sitakuwa nimemwonea mtu."

"Usiandike hivyo. Anajulikana."

"Sasa niandike nini, mama?"

Mguu wangu ulikuwa bado uko kwenye kanyagio la cherehani. Nilimwona Baba kupitia mlango, amegeuzwa jua limpige mgongoni kama anavyopenda. Nilijua nikilitaja jina lake sasa, litaandikwa. Yeye yuko hai, ameketi pale, na mimi ndiye mdomo pekee aliobaki nao. Na nilimwona yule mama na ganda lake la mbaazi. Nikimpa Baba kilicho chake, namnyang'anya yeye mtoto ambaye hata sijui alikuwa msichana au mvulana, sikuuliza.

"Acha ilivyokuwa," nikasema.

Nilisema chini sana, akaniomba nirudie. Kurudia ndiko kulikuwa kugumu.

Tangu hapo nimejiuliza kama nilifanya haki au nilimwogopa mwanamke mzee. Siwezi kuapa. Baba na mwenzake walikuwa wameimaliza siku ile kwa sururu, hilo ni kweli. Lakini walipoimaliza, hakuna kati yao aliyejua santuri ingekuja kuwa nini, na hilo nalo ni kweli. Mtu akikubaliana juu ya kitu bila kujua ukubwa wake, amekubaliana? Ningekuwa nimesoma zaidi labda ningejua. Shule niliiacha kidato cha pili. Ndugu yangu, ambaye amesoma, nilimwandikia ujumbe mrefu kumweleza, na baada ya wiki nzima akajibu neno moja, "Sawa." Hakuja mwisho wa mwezi huo. Ndevu za Baba nilimnyoa mimi, nikamkata mahali pawili.

Santuri ilikuja kwa kampuni ya mizigo mpaka mjini, nikaenda kuichukua. Ni nzuri, jalada gumu, picha ya vilima vyetu. Katika kijitabu, kwenye upande wa pili, saksafoni: jina la mtu wa Matuu, nyimbo zote. Ukurasa wa nyuma kuna shukrani kwa waliosaidia, majina mengi, na kati ya dereva mmoja na mwenye hoteli kuna jina langu na la Baba. Msichana alitaka kufanya wema. Nililisoma mara nyingi, na kila mara niliona ni kama Baba ameshukuriwa kwa kubeba vyombo.

Siku mbili baadaye mjane alipiga simu, na mjukuu wake akamshikia.

"Imefika," akasema. "Wamenisomea. Jina liko."

"Najua, mwaitu."

Nilisikia kuku wa kwake.

"Kwa hivyo hukusema."

"Sikusema."

"Mwambie asante. Mwambie leo, usingoje kesho, sisi si watoto."

Nikavuta kigoda nikakaa mbele ya Baba. Nikamwambia yule mama wa Matuu anasema asante. Halafu sikuweza kuishia hapo, nikamwambia na mengine yote: kaburi lisiloonekana, matuta matatu, msichana kwenye simu, na kwamba ni mimi niliyesema waache ilivyokuwa. Nilimwambia kama nimekosea anisamehe, na kama sikukosea anisamehe pia. Sikumuuliza chochote. Alinisikiliza mpaka mwisho, au aliketi tu mpaka mwisho.

Machozi yakamtoka. Daktari, yule wa pili, alisema mgonjwa wa namna hii machozi humtoka yenyewe kama jasho, tusiyatafutie sababu. Nikachukua ncha ya blanketi nikayafuta. Yakaja mengine, nikayafuta hayo pia, na sikujua ninachofuta.